Kuguna kwa Kurasa Tatu

Buswelu, Jumapili, 6 Juni 1993

Makala imetoka. Gazeti letu la wiki liliisha mjini kabla ya misa ya pili, na mhariri amenitumia salamu kwamba padri mmoja na mchungaji mmoja, ambao hawajapata kukubaliana juu ya lolote tangu wazaliwe, wamekubaliana kwamba mimi ni hatari. Nimefurahi mpaka nimepika wali siku isiyo ya wali.

Nilichoandika ni hiki. Mtu anaposema "jambo hili ni baya," haelezi chochote kilichomo duniani. Jambo halina ubaya kama jiwe lilivyo na uzito. Anachofanya ni kuguna. Huvaa joho, hukunja uso, huchagua maneno marefu, lakini mguno ni uleule wa mtu aliyekanyaga kinyesi cha kuku. Askofu anaguna. Hakimu anaguna. Waziri anaguna kwa niaba ya taifa. Na mimi, Evelina Masalu, mkutubi niliyepunguzwa kazini mwaka jana nikabaki na vitabu vyangu na ulimi wangu, nimechoka kusikia miguno ya wakubwa ikiitwa sheria ya mbinguni.

Mchana alikuja Leonsia Kahigwa. Huyu ni Mhaya, Mlutheri, mkufunzi wa walimu kule Butimba, na mpinzani wangu tangu mwanangu Winnie akiwa darasa la kwanza. Ikifika Agosti atakuwa pia mkwe wangu, maana mpwa wake Alexander anamuoa Winnie. Aliisoma makala amesimama, miwani imemfika nchani mwa pua, kisha akaomba chai.

"Kama ni mguno tu, mama Winnie," akasema, "mbona umeguna kwa kurasa tatu?"

Nikamwambia mguno wa msomi huwa na tanbihi. Tulibishana mpaka sufuria ikakauka. Winnie alitoka chumbani kuuliza kama tunagombana au tunazungumza. Hajawahi kujua tofauti.

Jumanne, 8 Juni

Upepo wa kiangazi umeanza. Mzee Chenge, jirani yangu wa bondeni, ameisogeza tena mikonge ya mpaka upande wangu, kidogo kidogo, kama mtu anayevuta shuka la mwenzake. Nimemtukana kupitia uani. Amenijibu kwa ustadi.

Ijumaa, 11 Juni

Winnie ameleta kitambaa cha gauni. Kizuri. Sikusema neno, kwa hiyo amejua ni kizuri.

Jumatatu, 14 Juni

Chenge amekufa alfajiri. Odeta, jirani yangu wa kulia, amepita kunipa habari, amejifunga khanga ya msiba, na uso wa mtu anayejitahidi kukumbuka jambo la kuhuzunisha.

Jumanne, 15 Juni

Amezikwa leo. Sikwenda. Naandika sababu hapa, isije ikasemwa kesho kwamba nilikuwa na homa.

Mtu huyu alimshtaki jirani mahakamani kwa papai lililodondokea upande wa pili. Alimwambia Odeta, mlangoni mwa kanisa, kwamba mwanawe ana kichwa cha boga. Aliweka miiba kwenye njia ya kisimani kwa sababu wanawake walikuwa wakicheka karibu na dirisha lake. Mikonge nimekwisha kuisema. Hakuna nyumba Buswelu ambayo hakuitia kidonda.

Na bado kitongoji kizima kilikuwa kwake. Nilikaa barazani nikasikia sururu zikigonga mwamba, maana huku ukichimba unakutana na mwamba kabla ya jasho. Wanaume waliokuwa wakimwombea radi juzi walikuwa wakipokezana sururu. Wanawake walipita na ndoo za maji na mizigo ya kuni. Nikasema moyoni: wanafiki. Kulia kwao ni kuguna huzuni wasiyokuwa nayo. Mimi sina huzuni, kwa hiyo nakaa. Anayesema "ni vibaya kutozika" anasema tu kwamba hapendi kumwona jirani yake amekaa.

Nilikunywa chai. Ilikuwa tamu, ila kikombe sikukimaliza. Nadhani ni inzi.

Jumapili, 20 Juni

Nimeitwa kwenye mkutano wa kitongoji, uwanja wa shule, baada ya ibada. Nilivaa gauni langu la bluu. Mtu akiitwa kuhukumiwa na apendeze.

Mwenyekiti wetu ni Ngosha, mchuuzi wa ng'ombe, mwili mkubwa na kicheko kikubwa kuliko mwili. Aliniuliza kama nilizika. Nikasema sikuzika. Akauliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikasema nilikuwa mzima, nilikuwa nakunywa chai. Watu wakacheka, nami nikaona uwanja ni wangu. Nikasimama nikauliza: nani hapa alimpenda marehemu? Anyooshe mkono.

Hakuna mkono ulionyooka. Hata mwanawe, Ndalahwa, aliangalia mawingu, na mawingu yenyewe hayakuwepo.

"Mimi nilipoletewa habari," Ngosha akakiri, "nilikula vizuri kuliko siku nyingi. Mungu anisamehe."

"Basi tumekubaliana," nikasema. "Mlichimba bila kupenda, mkalia bila machozi. Mimi nilikaa kwangu nikasema kweli. Mwenye kosa ni nani?"

"Mama Winnie, tungekuwa tunazika kwa kupenda, nusu ya kitongoji hiki ingeliwa na fisi."

Wakapiga makofi. Sikuwaacha. Niliwaambia kwamba hasira yao si sheria, ni mikono: wao walitoka jasho kwenye mwamba na mimi nikanywa chai, na sasa maumivu ya mabega wanayaita haki. Sauti ya nyuma ikasema mabega yanauma kweli, na uwanja ukaangua kicheko. Nilikuwa nashinda. Ninaapa nilikuwa nashinda.

Ndipo Odeta akasimama. Hakunitazama. Alisema tu kwamba Chenge alichimba kaburi la baba Winnie.

Ni kweli. Mume wangu alipofariki, Chenge alikuja na sururu yake mwenyewe, akachimba kuliko wote, akamtukana kila mtu mpaka fundi wa jeneza, akarudi kwake bila kuaga. Nikajibu kwamba alifuata nyama. Safari hii hakuna aliyecheka.

Hukumu: nitoe mbuzi, aliwe na wote, nami nile pamoja nao. Kisha, kama ilivyo desturi hapa kwetu, aliyekosa maziko hubeba jiwe lake mwenyewe mpaka kaburini, akaliweka, akasema neno juu ya marehemu mbele za watu. Mpaka nifanye hivyo hakuna atakayenisalimu, hakuna atakayenipa moto, hakuna atakayeshika mwiko kwenye shughuli yoyote ya nyumba yangu.

Nikasema sitoi. Mbuzi ninao, ninachokataa ni kuguna nisichokihisi.

Winnie alitangulia kurudi nyumbani bila kunisubiri.

Jumanne, 22 Juni

Nimetoa salamu ya Kisukuma ya asubuhi, "mwangaluka," kwa kila niliyekutana naye. Nimejibiwa na mbwa.

Alhamisi, 24 Juni

Asubuhi Odeta alisimama kwenye ua wake, akamgeukia kuku wangu mwekundu aliyekuwa akipekua taka zake, akasema kwa sauti ya kutosha, "Kuku, mwambie mwenye nyumba wako maji yametoka bombani, asikawie."

Nikamwambia kuku, "Mjibu kwamba mwenye nyumba ameshukuru. Na muulize mtoto anaendeleaje na kikohozi."

"Kuku, mwambie kimepungua."

Kuku alikuwa akitazama upande mmoja kisha mwingine, kama mkalimani wa mkutano wa kimataifa. Tumeongea hivi karibu asubuhi nzima. Nimejua habari zote za kitongoji. Hukumu haijavunjwa na mtu.

Jumapili, 27 Juni

Leonsia, Winnie na Alexander wamenikalisha kikao ndani ya nyumba yangu.

Mambo yako hivi. Sherehe ya kumuaga Winnie ni tarehe 28 Agosti, hapa nyumbani. Ukoo wa Kahigwa unakuja kwa meli kutoka Bukoba: wajomba, mashangazi, na bibi mmoja ambaye Leonsia mwenyewe anamwogopa. Nani atateka maji? Nani atamenya ndizi, atachambua mchele, atapokea wageni kwa vigelegele? Harusi haipikwi na mama mmoja na kuku mwekundu.

"Sitawaleta watu wangu kwenye nyumba isiyo na majirani," Leonsia alisema. "Wataniuliza huyu binti katokea kwa mchawi?"

Nikaanza kumweleza juu ya uhuru wa mtu na shinikizo la umma. Winnie alinikatiza. Hana kawaida ya kunikatiza. Ni muuguzi, amezoea kusubiri wagonjwa wamalize.

"Mama, mimi naolewa na watu. Siolewi na hoja yako."

Alexander, kijana mpole kupita kiasi, alijitolea kunitolea mbuzi kimyakimya. Nikamwambia akithubutu sitampa mke. Leonsia akasema kama mambo hayajakaa sawa ifikapo katikati ya Agosti, sherehe itafanyika Bukoba, na mimi nitaalikwa kama mgeni.

Kama mgeni! Kwenye sherehe ya mwanangu!

Jumamosi, 3 Julai

Upepo. Nimefua mapazia mwenyewe.

Jumatano, 7 Julai

Winnie anakula kwa adabu na kulala mapema. Kelele za mwanangu najua kupambana nazo. Adabu yake sijui niishike wapi.

Jumanne, 13 Julai

Kuku hakuonekana asubuhi. Nilikosa habari zote mpaka saa nne. Nilipata wasiwasi ambao sitauandika mahali pengine.

Jumatatu, 19 Julai

Habari njema hatimaye. Mhariri anasema kuna mtu ng'ambo ya ziwa, huko Kamanga, amenunua nakala nyingi za ile makala, na anauliza kama mwandishi anaweza kumtembelea. Anaitwa Revocatus, wakala wa kununua sangara. Mfanyabiashara anayesoma hoja! Haya ndiyo matunda ya uhuru wa magazeti. Kesho kutwa nakwenda. Kitongoji kinanikataa, ng'ambo wananiagiza kwa nakala.

Jumatano, 21 Julai

Nimerudi. Sijavua hata viatu.

Nilipanda kivuko asubuhi, nimevaa gauni la bluu. Revocatus alinipokea kwa heshima zote, shikamoo ya kuinama, kiti cha kivulini, samaki wa kukaanga. Kijana nadhifu, shati la mikono mirefu kwenye joto lile. Akasema makala yangu imemsaidia kuliko mahubiri yote aliyopata kusikia. Nilivimba kama andazi.

Kisha nikaanza kuona. Wavuvi walikuwa wamekaa kando ya maji tangu alfajiri, sangara wao wamefunikwa majani mabichi. Walikuwa wanasubiri barafu. Wakala alikuwa amewaambia lori la barafu limekwama njiani, na bila barafu hawezi kupima. Jua likapanda. Macho ya samaki yakaanza kuingia utando. Mvuvi mmoja Mkerewe alikuwa akimmwagia samaki wake maji ya ziwa kwa kata, tena na tena, kama anayemwogesha mgonjwa.

Nilikwenda msalani nyuma ya nyumba ya wageni, nikaliona lori. Limefunikwa turubai, linadondosha maji. Dereva alikuwa amelala chini yake kwenye ubaridi.

Saa saba barafu "ikafika." Samaki wote wakapimwa kama wa daraja la mwisho, kwa bei ya kutupa. Wavuvi hawakusema kitu. Kumbe wanajua siku nyingi. Hakuna wakala mwingine.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Revocatus, hiki unachofanya ni kibaya."

Alitabasamu bila dharau. Akatoa gazeti mfukoni mwa shati, limekunjwa vizuri, akanisomea sentensi yangu mwenyewe, polepole, akitua kwenye vituo vyangu. Halafu akalikunja. "Kwa hiyo umeguna, mama. Nimesikia. Pole."

Hawa wavuvi walipomlaumu mwezi uliopita, ndicho alichowasomea. Ndiyo maana alinunua nakala nyingi.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Kila neno nililomtupia alilipokea kwa mikono miwili kama zawadi, akalitia kwenye kapu lilelile. Nikasema anawadhulumu. Mguno. Nikasema wana watoto. Mguno wa huruma, akasema, ule mzuri. Nikasema angefanyiwa yeye angelia. Angelia, akakubali, na huo nao ungekuwa mguno wake. Sikuwa na pa kushika. Nilikuwa nimemjengea mtu huyu nyumba isiyo na dirisha, na funguo nikampa mimi.

Nikamwachia neno la mwisho, nikashuka kivukoni. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya hivyo mbele ya mwanamume.

Sasa niandike nilichowaza kwenye kivuko, kabla hakijapoa.

Tuseme kuna dawa. Nainywa, na hasira yangu yote juu ya barafu ile inakwisha. Natazama sangara wakioza na wavuvi wakinyamaza, na moyo wangu umetulia kama ziwa la saa kumi na mbili asubuhi. Je, nitakuwa nimelimaliza tatizo? Kama ubaya ni hasira ya tumbo langu tu, dawa ya tumbo imemaliza kazi. Lakini mimi dawa hiyo ningeitupa majini, tena kwa chupa yake. Ningeiogopa. Kwa sababu ningejua kwamba baada ya kuinywa lori lingekuwa bado lipo nyuma ya nyumba, na uovu uleule, na mimi nimepofuka.

Hapo zikaanza kugonga zile sururu kichwani mwangu. Watu wa Buswelu, siku ya maziko, walikuwa kama waliokunywa dawa ile. Hawakuwa na chembe ya huzuni juu ya Chenge. Walikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa halali yao. Hisia zote zilikuwa upande wangu, barazani, kwenye chai. Nani basi aliinua sururu? Nilitaka iwe ni hofu ya faini. Lakini Ngosha haogopi mtu, na Odeta, mama wa kichwa cha boga, alimfulia mjane wa Chenge nguo wiki nzima bila kuagizwa. Walisema "ni vibaya kutozika" na makoo yao yakisema kinyume.

Nimekasirika sana. Hoja ni nzuri, na itampendeza Leonsia.

Ijumaa, 23 Julai

Nimeandika makala ya barafu. Nimetaja turubai, dereva, na saa. Sikutaja mguno.

Jumapili, 1 Agosti

Mhariri anasema Kamanga wavuvi wamegoma kushusha samaki mpaka waone lori kwa macho. Walikwenda kwa pamoja, wakaivuta turubai wenyewe. Wakala amepima daraja la kwanza tangu asubuhi. Nimemwambia kuku, kuku amemwambia Odeta, Odeta amepiga kigelegele kuelekea upande wa pili ili kisihesabike kuwa ni changu.

Jumatano, 4 Agosti

Leonsia alikuja. Nilimwambia yote kwa sharti kwamba asitabasamu. Alitabasamu kwa mabega.

"Kwa hiyo umekubali kwamba kuna zaidi," akasema.

"Nimekubali kwamba si koo peke yake. Lakini bila koo, dada yangu, nisingesimama mbele ya yule kijana. Ningekula samaki nikarudi. Koo ndilo lililoniamsha."

"Mbwa akibweka anakuamsha. Mwizi hakutengenezwa na mbwa."

Hiyo ilikuwa nzuri, nikamwambia ni nzuri, ikabidi anywe maji. Kisha akataka kuniambia hilo "zaidi" linatoka kwa nani, akaanza kuelekeza kidole juu. Nikamkataza kumwingiza askofu wake nyumbani kwangu kupitia dirishani. Tukaanza upya. Hilo zaidi liko wapi, lina umbo gani, mbona halionekani? Sijui. Yeye anadhani anajua. Tuna la kubishania mpaka uzee, na nimeshukuru.

Winnie alileta chai bila kuulizwa. Aliweka sukari ninayoipenda.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Ngosha. Kwa kuwa haruhusiwi kunisalimu, alimsalimu ng'ombe wake kwa heshima kubwa, nami nikapokea. Nikamwambia ng'ombe kwamba Jumapili nitatoa mbuzi na jiwe, ila sitalia, na neno nitakalosema kaburini nitalichagua mwenyewe, sitaki kuandikiwa. Ngosha alifikiri. Akamwambia ng'ombe kwamba desturi inataka neno. Haikusema neno tamu.

Jumapili, 8 Agosti

Nilichagua jiwe kutoka kwenye majabali nyuma ya nyumba. Nilichukua kubwa, kwa kiburi, na katikati ya njia nilikijutia kiburi kile. Hakuna aliyenisaidia, hairuhusiwi. Lakini walitembea kwa mwendo wangu, kitongoji kizima, wanaume, wanawake na watoto, nikipumzika wanapumzika. Winnie alikuwa mbele akiondoa miiba njiani, ileile ya Chenge.

Kaburini nililiweka jiwe. Mjane alikuwepo, na Ndalahwa. Nikajipangusa, nikasimama.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliiacha. Nikasema:

"Chenge, ulikuwa mtu mbaya. Miaka yote nilidhani nikisema hivyo nasema tu kwamba sikupendi, na ukweli ni kwamba sikupendi. Lakini leo nakuambia, ungekuwa ndugu yangu, ningekupenda kama roho yangu, ile miiba bado ingekuwa mibaya. Hilo nimelijua mwaka huu. Na lingine. Ulikuja kumchimbia mume wangu nawe hukumpenda. Ulichimba vizuri. Lile kaburi halijatitia hata kidogo. Mimi sikuja kwako. Nilitakiwa kuja. Basi."

Mjane wa Chenge akasema, "Mmh." Mguno mrefu, wa ndani kabisa. Akafuata Ngosha, "Mmh." Wakafuata wote, kitongoji kizima kikaguna pale makaburini kama ng'ombe waliofika majini.

Ndalahwa alinishika mkono. "Shikamoo, mama," akasema. Mtu wa kwanza kunisalimu tangu Juni. Nikasema marahaba, nikaketi kwenye nyasi. Ilikuwa jiwe lile, lilikuwa zito.

Kisha akaniambia mikonge atairudisha ilipokuwa. Alikuwa anajua siku zote ilipokuwa.

Mbuzi aliliwa uwanjani kwangu mpaka mifupa ikawa myeupe. Nilikula nao. Aliyekuwa analalamika mabega alikula paja zima.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimesalimiwa na kila mtu tangu alfajiri. Sijafanya kazi yoyote. Nimesahau jinsi watu wa hapa wanavyochelewesha mtu.

Jumamosi, 21 Agosti

Wanawake wamegawana kazi. Odeta amechukua mchele. Mimi nimekatazwa kukaribia jiko. Wanasema nitabishana na moto.

Jumapili, 29 Agosti

Jana imepita na bado masikio yanalia.

Waliteremka melini asubuhi, wote, pamoja na yule bibi wa kuogopwa, aliyeshuka gari, akatazama majirani waliojipanga toka barabarani mpaka mlangoni kwangu, wakipiga vigelegele, akasema kwa Kihaya neno ambalo Leonsia alinitafsiria: hapa pana watu. Nikakumbuka sururu, nikainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Winnie alipendeza. Sitaandika zaidi, anajua. Ngosha alicheza mpaka kiatu kikafunguka mdomo. Alexander alilia wakati wa nasaha, na hakuna aliyemwonea aibu. Leonsia na mimi tulipewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya koo mbili, tukatofautiana mbele ya wageni, na bibi akaomba tuendelee.

Jambo moja lilitokea jikoni ambalo lazima niliweke hapa. Nyama ilipoelekea kupungua, kijana mmoja wa upande wa Bukoba aliingia uani akamshika yule kuku mwekundu, akauliza kisu kiko wapi. Wanawake wote waliacha miiko. Odeta alimpokonya kuku kutoka mikononi.

"Huyu haliwi," akasema. "Ni vibaya."

Kijana akauliza kwa nini, kuku si kuku? Hakuna aliyeweza kumweleza. Kila mmoja alianza, akakwama. Lakini hakuna aliyekubali kisu kitolewe, hata Ngosha, ambaye hajawahi kukataa kuku maishani.

Leonsia alikuwa ameegemea mlango na sahani yake ya ndizi. Alinisubiri nimtazame.

"Haya, mkwe," akasema. "Hiyo ni hisia tu, au kuna zaidi?"

Nilimtazama kuku. Kuku alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akingoja kutafsiri.

"Kula ndizi zako," nikamwambia.